DIFU ILIYOCHOMELEWA: TOPE, RELI NA MALORI YA KWETU KERENGE

Wiki hii sileti stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Naomba tuongee difu. Ndiyo, difu ya lori, lile dude nene lililokaa katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo ukiinama chini ya Fuso unaliona limepakaa oili na vumbi. Mimi nasoma historia, uinjinia sijawahi kuugusa, na najua wapo watakaosema huyu sasa kaishiwa mada. Lakini mie ni mtu wa Kerenge, na mtoto wa Kerenge anaanza kusikia habari za difu angali hajajua kufunga kamba za viatu.

Kwa wageni: Kerenge iko wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga, ndani ya bonde la mto Lwengera. Upande mmoja una Usambara Mashariki, upande wa pili Usambara Magharibi, na maji ya milima yote miwili yanateremkia kwetu. Mvua tunapata mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Masika ikikolea, njia za kupanda vitongojini zinakuwa kama sabuni iliyolowekwa, na lori likizama humo halitoki kwa maneno.

Sasa kuna jambo dereva aliyechoshwa na tope hulifanya. Analipeleka lori gereji, fundi anashusha difu, anazichomelea gia za ndani zishikane zote, anairudisha, anafunga. Kuanzia siku hiyo magurudumu ya nyuma, la kushoto na la kulia, yanazunguka pamoja kama chuma kimoja. Tope linapitika. Mwenzangu wa chumba, ambaye ndiye anayesoma uinjinia wa mitambo, nilipomwambia alishika kichwa. "Huo ni uuaji," akasema. Tulibishana mpaka saa saba za usiku. Kwa upande wa hesabu alinishinda, lakini kwa upande wa historia naona hakunipata. Fundi wa kijijini anayechomelea difu anajibu swali ambalo reli ya Mjerumani, lori la Mjapani na serikali zote zilizopita katikati zililiacha bila jibu. Nifuateni taratibu.

Kwanza, difu ni ya nini? Lori likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Chukulia lori ambalo nafasi kati ya magurudumu yake ya nyuma, kushoto na kulia, ni mita 1.8. Likigeuka kabisa kurudi lilikotoka, gurudumu la nje litakuwa limetembea mita 5.65 zaidi ya lile la ndani. Zidisha 1.8 kwa 3.14 utaipata. Na cha kushangaza, haijalishi kona ni pana kama uwanja wa mpira au finyu kama uchochoro wa Manzese, tofauti ni ile ile. Hizo mita 5.65 lazima ziende mahali. Difu ndiyo inayozimeza. Propela inazungusha pinioni, pinioni inazungusha krauni, na ndani ya krauni kuna gia ndogo, mafundi wanaziita spaida, zimevikwa kwenye msalaba wa chuma. Hizo zimeng'ata gia mbili za pembeni, kila moja na shafti yake kwenda gurudumuni. Mkienda moja kwa moja spaida zimelala tu. Mkikata kona zinajizungusha, gurudumu moja linapungua mwendo na jingine linaongeza.

Akili hii ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mfaransa Cugnot alipounda mkokoteni wake wa mvuke mwaka 1769 hakuhitaji difu, kwa sababu alisukuma gurudumu moja tu la mbele. Aliyeandikisha difu kama tunayoijua ni Mfaransa mwingine, Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke. Fundi wa saa! Ukiwaza vile vijigia unaona imekaa sawa. Halafu akaja James Starley wa Coventry, Uingereza, mtu wa baiskeli, mwaka 1877. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiendesha baiskeli ya magurudumu manne pamoja na mwanawe, wamekaa sambamba, kila mmoja anakanyaga upande wake. Kijana alikuwa na misuli kuliko baba, chombo kikapinda njia, wakaishia kwenye majani ya kuwasha. Starley akarudi nyumbani akajikuna na kubuni difu ya mnyororo. Benz naye alipotoa gari lake la petroli mwaka 1886, difu ilikuwemo. Leo hata bajaji unayopanda kwenda Mwenge ina kadifu kake.

Tatizo liko hapa, na naomba mlisome polepole. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kusukuma sawa kwa sawa kushoto na kulia. Inasikika kama haki. Lakini gurudumu lililozama kwenye tope halihitaji nguvu kubwa ili lizunguke, linateleza kwa nguvu kiduchu. Basi na mwenzake aliyesimama pakavu anapewa kiduchu hicho hicho. Ndiyo maana unaliona lori limekwama, gurudumu moja linarusha tope mpaka kwenye mahema ya mizigo, jingine limetulia kama linasubiri daladala. Injini ina nguvu za kutosha, lakini haina pa kuzikanyagia.

Wakubwa wa dunia waliliona hili zamani. Ferdinand Porsche alipobuni magari ya mashindano ya Auto Union miaka ya 1930, gurudumu moja lilikuwa linateleza hata gari likiwa kasi, na mwaka 1935 kampuni ya ZF ikaombwa iunde difu inayopunguza kuteleza. Unimog ya Wajerumani, gari la shamba lililoanza mwaka 1948, lilitoka na difu loki, yaani dereva anavuta kitu na difu inafungwa kwa muda, akishatoka topeni anaiachia. Trekta la Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, lina kanyagio la difu loki la kukanyaga kwa kisigino, maana ukilima gurudumu moja liko mferejini na jingine juu. Kwa hiyo dawa ilikuwepo. Cha kuuliza ni kwa nini haikufika kwenye lori linalobeba mahindi ya watu wa Kerenge.

Hapo ndipo naingia kwenye somo langu.

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, aliyekuwa akifanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 Tanga ikawa nchi ya mkonge. Mwaka huo huo wa 1893 ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga. Ulisuasua kweli kweli: Muheza walifika 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Na mashamba ya mkonge nayo yakatandika vijireli vyao vyembamba ndani, vya kusukumia majani kwa matroli mpaka kiwandani.

Sasa angalieni kitu kizuri. Behewa la reli halina difu. Magurudumu yake mawili yamekazwa kwenye ekseli moja ya chuma, yanazunguka pamoja, sawasawa kabisa na lori lililochomelewa! Kwa nini basi treni haichakazi magurudumu kwenye kona? Kwa sababu gurudumu la treni limechongwa kidogo kama pia, nene upande wa ndani na jembamba upande wa nje. Treni ikiingia kwenye kona inasogea pembeni kidogo, gurudumu la nje linakanyagia sehemu yake nene, la ndani linakanyagia sehemu nyembamba, na tofauti inamezwa humo. Ujanja huo unategemea chuma laini juu ya chuma laini, kona pana na mteremko mdogo. Yaani unategemea kwamba ardhi imeshatengenezwa kabla chombo hakijaja.

Na pale ambapo ardhi ilikataa kutengenezeka, Mjerumani hakuikanyaga kabisa. Kati ya 1904 na 1910 ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni kwenda Sigi, kilomita 23 hivi, kufuata mbao za Usambara Mashariki. Upande wa magharibi, kampuni ya Wilkins & Wiese ilitundika waya wa chuma kutoka msitu wa Shume kushuka mpaka Mkumbara kwenye reli, magogo ya mierezi yakawa yanateremka yananing'inia hewani. Ukikaa ukafikiri, huyo mtu alitazama tope letu, akapiga hesabu, akaona bora apite juu kama ndege. Waliobaki chini kwenye tope ni wenye milima yao, na mizigo kichwani.

Mwingereza alipokuja hakuibadili sana ramani. Miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika iliweka vizuizi kwa malori kubeba mizigo sambamba na reli, ili reli isikose mapato. Yaani lori lilitazamwa kama mwizi wa wateja. Barabara zikachukuliwa kuwa vijito vya kuulisha mto, na mto ni reli. Kijito kikikauka au kikifurika shauri yake.

Tukapata uhuru. Hapa nawaomba radhi wale wanaopenda kila baya liishie 1961, maana halikuishia. Tazama barabara ya Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ikabanwa, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu, kwenye mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar mpaka kwao. Shaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Masika barabara ile iligeuka jehanamu, na Waingereza waliipa jina la namna hiyo. Malori yalizama, yalipinduka, yaliungua. Lakini kwa kuwa kilichokuwa hatarini ni nchi nzima na siasa ya ukombozi, jibu lilikuja haraka: bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Sisemi ilikuwa makosa, ilikuwa sahihi kabisa. Nasema tu kwamba tope la njia kuu liliondolewa barabarani, na tope la njia ya shamba aliachiwa dereva aliondoe kwenye gari lake.

Hata karibu yetu kabisa mambo yalikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umma ya Sikh Saw Mills, yenye kiwanda Tanga, ilipata msaada wa Finland na kuingia misitu ya Usambara Mashariki kwa mashine nzito. Matrekta ya kuburuta magogo huundwa yakiwa na namna ya kufunga difu, maana bila hiyo hayafanyi kazi. Gogo likawa na difu loki, gunia la iliki la mkulima wa jirani likategemea lori bovu na utingo wenye mabega. Uvunaji ule ulisitishwa nusu ya pili ya miaka ya 1980 baada ya kelele kuhusu msitu, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi. Mashine zikaondoka, tope likabaki.

Kisha kuna kipindi wazazi wetu hawapendi kukikumbuka. Vita vya Kagera 1978 na 1979, mafuta kupanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Fundi mmoja mzee pale Korogwe, ambaye sasa amestaafu na kazi yake ni bao, aliniambia difu ya kwanza aliyoichomelea haikuwa kwa ajili ya tope. Msalaba wa spaida ulikatika kwenye Bedford, msalaba mwingine haukupatikana Tanga wala Dar, na lori lilikuwa limepakia. Akachomelea. "Lilitembea mwaka mzima," ananiambia, "na masika tukashangaa halikwami tena." Mie habari hii naipenda kuliko zote nilizokusanya, kwa sababu inaonesha ujanja haukuanza kama ujanja. Ulianza kama kiraka.

Halafu mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka 1985 milango ikazidi kufunguka. Malori ya mitumba ya Kijapani yakaanza kumiminika, Isuzu, Fuso, Canter. Yaliokoa nchi, tusiwe wabishi. Lakini mengi yaliundwa kupeleka bidhaa dukani kwenye lami ya Japani, ambako difu loki ni gharama ya bure. Lori lililozoea kupeleka friji mtaani Yokohama likajikuta linapanda kitongojini na magunia 70 ya mahindi, mwezi wa Aprili. Sasa fundi afanyeje?

Naweka hili wazi, lisije likaonekana ni mjadala wa hewani. Mjomba wangu ana Fuso moja, ya mkopo. Mwezi wa tatu alinipigia simu, akasema, "Mjomba, wewe ndiyo uko chuo kikuu. Wenzangu wawili wamechomelea. Mimi nichomelee au niache?" Nikamwambia nasoma historia. Akajibu, "Chuo si kimoja?" Ndiyo asili ya ule ubishi wetu wa saa saba za usiku, na ndiyo sababu nimechimba haya yote.

Tuanze na mazuri, maana wahandisi huwa wanayaruka. Mbali na kupita tope, lori lililochomelewa lina faida mbili ambazo dereva wa porini anazijua vizuri. Ya kwanza: shafti moja ya nyuma ikikatika kwenye difu ya kawaida, safari imekwisha, maana nguvu yote inakimbilia upande uliokatika. Kwenye difu iliyochomelewa unachomoa vipande vya shafti iliyovunjika, unaziba tundu, unajikokota mpaka nyumbani kwa shafti moja iliyobaki. Kwenye malori mengi hilo linawezekana kwa sababu uzito haubebwi na shafti, unabebwa na nyumba ya ekseli. Ya pili ni breki ya mkono. Gari ambalo breki yake ya mkono inashika propela, kama Land Rover za zamani, ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma mlimani linaweza kuondoka. Breki imeshika propela, ndiyo, lakini magurudumu mawili yana uhuru wa kuzunguka moja mbele na jingine nyuma. Mafundi wamewahi kubanwa kwa staili hiyo. Iliyochomelewa haina mchezo huo.

Sasa mabaya. Difu ya kawaida inahakikisha shafti moja haibebi zaidi ya nusu ya nguvu. Ukichomelea, gurudumu moja likiteleza, shafti ya upande wa pili inabeba mzigo wote peke yake, na ndiyo maana shafti zinakatika. Kuchomelea kwenyewe nako kuna mashaka yake. Gia za difu ni chuma kilichokaushwa juu kwa moto maalumu, ukikigusa na moto mwingine kinapasuka. Fundi makini anaosha oili yote, anapasha chuma joto kwanza, anatumia fimbo za 7018, halafu anakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Fundi wa haraka anapiga fimbo yoyote iliyopo na kumwagia maji. Kipande kikipasuka humo ndani kinaingia kati ya krauni na pinioni, na gari linaweza kujifunga magurudumu likiwa kwenye mwendo.

Lakini hilo lote ni dogo mbele ya zile mita 5.65. Kwenye tope hazimsumbui mtu, tairi linateleza na kuzimeza. Kwenye murram mkavu bado linasuasua. Kwenye lami tairi limeshika, haliteremki wala halitelezi kwa hiari. Kila kona lori linataka kwenda moja kwa moja, nyuma inasukuma mbele, usukani unakuwa mzito, matairi ya mbele yanakwaruza. Mvua ikinyesha juu ya lami ni balaa jingine: kwenye difu ya kawaida gurudumu moja likiteleza, la pili bado limeshikilia mkia wa gari. Kwenye iliyochomelewa yanaweza kuachia yote mawili kwa pamoja, na mkia unaondoka.

Na hapa ndipo historia inapomrudia mwenzangu wa chumba na mimi kwa pamoja. Lori la miaka ya 1980 lililochomelewa pale Korogwe lilikuwa likiishi topeni, mwendo wa kilomita 10 kwa saa, gia ya kwanza. Kwa maisha hayo uamuzi wa yule mzee ulikuwa mzuri, na nitamtetea mbele ya profesa yeyote. Lakini barabara zimebadilika nusu nusu. Korogwe kwenda Handeni ilipata lami miaka ya 2010. Njia kuu ya Segera ni lami siku nyingi. Sasa lori lile lile linaanza asubuhi kwenye tope la kitongojini, saa nne liko kwenye lami, kilomita 80 kwa saa, siku ya gulio, na juu ya magunia wamekaa kina mama na vikapu vyao, jambo ambalo kila mtu analiona na kila mtu ananyamaza. Difu ilichomelewa kwa ajili ya kilomita 6 za mwanzo. Abiria wanailipia kwenye 60 zilizobaki. Lami yenyewe ndiyo iliyoigeuza kuwa hatari, na nusu ya barabara isiyo na lami ndiyo inayoifanya iendelee kuchomelewa.

Kwa mlio na wasiwasi na lori mnalopakia mizigo yenu, kuna kipimo chepesi. Pigeni jeki magurudumu yote ya nyuma yaelee, sehemu tambarare, mawe mbele ya yale ya mbele, gari likiwa kwenye gia. Zungusheni la kushoto kwa mkono. La kulia likizunguka kinyume, difu ni nzima. Likigoma kabisa, imechomelewa. Bila jeki, tazameni matairi ya nyuma: yaliyoliwa kama yamepigwa tupa wakati ya mbele bado yana meno ya kutosha. Au simameni tu lori likigeuza polepole kwenye lami kavu, msikilize matairi yanavyolia.

Mjomba nilimtumia ile hesabu ya 1.8 mara 3.14 kwa ujumbe wa simu. Akakaa kimya siku mbili. Kisha akaniambia hajachomelea, lakini vilevile hana fedha ya difu yenye loki, na masika haisubiri mtu atafute fedha. Alichofanya ni kukodi Massey la jirani, lile la kanyagio la kisigino, linaburuta tela kutoka kitongojini mpaka barabara nzuri, na Fuso inasubiri huko chini kwenye pakavu, inapakiwa upya. Utingo wananung'unika kwa sababu wanabeba kila gunia mara mbili. Jumatano mzigo wa kwanza umeshuka hivyo, magunia 40, kwa safari mbili za tela.